Bakuli la vipande vya mbao: yanayosemwa kwenye atelie za Lubumbashi na ukweli wake

Bakuli hili huundwa kwa vipande vidogo vilivyounganishwa kuwa pete, kisha pete zinapangwa moja juu ya nyingine. "Likipasuka, kosa ni la kola (gundi)." Mara nyingi kola inasingiziwa. Kola nyeupe ya mbao hushika vizuri mno pale nyuso mbili zinapogusana sawasawa. Shida ni kwamba kipande kilichokatwa kwa pembe huwa na vichwa vya nyuzi vinavyonyonya kola, na ungio hubaki kavu. Paka safu nyembamba, subiri dakika chache, paka ya pili, ndipo ubane. Acha saa 24 kabla ya kukereza, yaani kulichonga likizunguka kwenye mashine. Pete zipangwe kama matofali ukutani: ungio la juu liangukie katikati ya kipande cha chini. Bakuli la namna hiyo likipasuka, kachunguze msumeno kwanza.

"Pembe ikikosea kidogo, kibano kitaziba." Hakuna dhana inayoharibu mabakuli mengi kama hii. Pembe hupatikana kwa kugawanya 360 kwa mara mbili ya idadi ya vipande. Vipande 12 vinataka digrii 15 kila upande. Hiyo ni mikato 24. Msumeno ukipotoka robo digrii tu, makosa yanajumlishana hadi digrii 6, na yote yanajitokeza kwenye ungio la mwisho. Ukilibana kwa nguvu litafunga, lakini mvutano unabaki ndani, na bobari (patasi ya kukerezea) ikishapunguza unene, ungio linafunguka. Vumbi la mbao lililochanganywa na kola haliponyi kitu: ukipaka mafuta, mstari mweusi unaonekana.

Urefu nao usikisiwe. Pete ya kipenyo cha sm 24 inahitaji vipande 12 vyenye ukingo wa nje wa mm 64, vyote vikatwe kwa kugonga kizuizi kimoja kilichofungwa kwenye msumeno.

Kisha usigundishe pete nzima kwa mara moja. Paka kola kwenye maungio 10 tu. Katika mawili yanayotazamana usipake, weka kijiti chembamba. Zungushia ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, kaza. Kola ikikauka unapata nusu pete mbili. Bandika msasa namba 80 juu ya kioo, chora mistari ya penseli kwenye ncha zote mbili za kila nusu, usugue mpaka mistari yote ifutike. Makosa yote yaliyokusanyika yanaondoka hapo, na nusu hizo zinakutana bila kulazimishwa. Mistari hiyo ya penseli itumie pia kusawazisha uso wa pete kabla ya kuweka nyingine juu yake.

"Kitako cha ubao mmoja mpana ndicho imara." Hapa Lubumbashi, kati ya ukavu wa Mei hadi Septemba na miezi ya mvua, unyevu wa mbao hubadilika sana. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, lakini kwa urefu karibu haubadiliki. Nyuzi za pete zinazunguka bakuli, kwa hiyo kipenyo chake hakisogei sana. Kitako cha sm 15 kinaweza kusogea mm 1 au zaidi. Kitako au pete, kimojawapo kitapasuka. Kitako cha ubao mmoja kisizidi sm 8 hivi. Kikiwa kikubwa, kiundwe nacho kwa vipande.

"Mbao za mukula na mulombwa ni ngumu, basi zungusha kasi." Kinachokata ni makali. Bakuli la sm 24 kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu km 68 kwa saa, na kipande kikitoka kinatoka kwa mwendo huo. Anza na mizunguko 500 mpaka bakuli liwe duara, ukiwa umevaa kinga ya uso mzima. Barakoa pia ni lazima: vumbi la mulombwa huwasha pua na kifua.

Umeme ukikatika, ondoa bobari na uzime swichi ya mashine kabla ya jambo lingine lolote. Umeme ukirudi ghafla chombo kikiwa kimeegemea mbao, bakuli linang'oka.