Kijivu kwenye picha ya ubongo si usingizi

Ujumbe huu umezunguka kwenye magrupu kwa miaka: picha ya ubongo wa kijivu wenye doa jekundu upande wa kisogoni, na maneno kwamba mtu anapotazama kitu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo, sehemu iliyobaki imelala. Si kweli.

Picha za namna hiyo hutokana na mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku. Mashine haioni mawazo wala rangi. Hufuatilia mabadiliko ya oksijeni kwenye damu. Mtu hulazwa ndani, akaonyeshwa, tuseme, miraba myeusi na myeupe inayopepesa, kisha skrini tupu. Kompyuta hulinganisha vipindi hivyo viwili, na pale tofauti inapovuka kiwango kilichowekwa ndipo hupakwa rangi nyekundu. Kijivu maana yake tofauti haikufika kiwango hicho, si kwamba pamezimika. Hapo ndipo wengi hupotea, na si ajabu, maana picha yenyewe inavutia mno.

Ukitaka kuhakiki, tafuta picha yenye maelezo yake kamili: utaona nini kimelinganishwa na nini. Tena ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake hata tukiwa tumepumzika; si matumizi ya kiungo kilicholala. Na doa la kisogoni lenyewe si uongo, maana hapo ndipo ubongo hushughulikia kuona: kiharusi kikigusa kisogoni upande mmoja, mtu anaweza kupoteza nusu ya anachokiona, kwa macho yote mawili.

Ukitumiwa tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia rangi zile zimetoka wapi.