Picha ya sungura kwenye chupa si ushahidi

Kariakoo utauziwa losheni yenye picha ya sungura na kuambiwa haikujaribiwa kwa wanyama. Picha tupu haithibitishi kitu. Kiwanda chochote kinaweza kuichora. Hata alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inahusu ubora na usalama wa bidhaa, si wanyama.

Ujanja uko kwenye maneno. "Bidhaa hii haikujaribiwa kwa wanyama" huweza kuhusu losheni iliyokamilika tu, ilhali kihifadhi au rangi iliyomo ilijaribiwa na muuzaji wa kemikali. Nembo ya Leaping Bunny, mpango wa kimataifa wa kuthibitisha bidhaa zisizojaribiwa kwa wanyama, hudai zaidi: kampuni hupanga tarehe, na kuanzia hapo yenyewe na wanaoiuzia malighafi hawajaribu kwa wanyama, kisha hukubali kukaguliwa na watu wa nje. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya Leaping Bunny mtandaoni, usiishie kwenye mchoro.

Na "haina malighafi ya mnyama" ni dai jingine kabisa: linahusu kilichomo, si majaribio.

Wauzaji wengine hujitetea kwa sheria ya Ulaya. Kweli, tangu 2013 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama, lakini ni vipodozi tu: sabuni ya unga na dawa ya kusafishia choo hazimo.