P-51D Mustang: bawa halikuwa chuma kitupu

Wanaoanza kuunda modeli ya skeli ya 1/48 ya P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, huuliza swali moja: rangi ipi ya fedha inang'aa kuliko zote, ili ndege nzima ing'ae? Swali lenyewe limekosewa.

Dhana: Mustang ya vitani ilikuwa bati tupu kutoka puani hadi mkiani.

Ukweli: Kuanzia mapema 1944 ndege nyingi za kivita za Marekani zilitoka kiwandani bila rangi ya kujificha, na kiwiliwili cha Mustang kikabaki alumini tupu. Bawa ni habari nyingine. Umbo lake lilibuniwa ili hewa ipite juu yake bila kuvurugika, na ufa mdogo tu kati ya mabati mawili hutosha kuivuruga. Ndiyo maana kiwanda cha North American Aviation kilijaza puti kwenye maungio na ribiti za sehemu ya mbele ya bawa, kikapiga msasa, kisha kikapaka rangi ya fedha. Rangi, jamani, si chuma. Imefifia na haiakisi kitu. Usukani wa wima nao ulivikwa kitambaa kilichopakwa rangi hiyohiyo, kwa hiyo michubuko ya chuma juu yake ni kichekesho.

Upotofu huu unatokana na ndege za maonyesho ya leo, ambazo wamiliki wamezisugua mpaka zikawa kama sufuria za siku ya harusi. Watengenezaji wa seti za modeli nao wanachangia: wanachonga kila mstari wa maungio na kila ribiti juu ya bawa, na mnunuzi anaijaza yote rangi nyeusi. Piga hesabu: mstari wa milimita 0.2 kwenye skeli ya 1/48 ni karibu milimita 10 kwenye ndege halisi. Hakuna fundi aliyeacha ufa wa kupitisha kidole kwenye bawa lile.

Rekebisha kabla ya kuunganisha bawa na kiwiliwili. Paka Mr. Surfacer 500, kimiminika cha kujazia nyufa za modeli, kwa brashi nyembamba juu ya mistari na ribiti, tabaka mbili, kisha acha mpaka kesho yake. Kimiminika hicho hunywea kinapokauka. Ukikipiga msasa baada ya saa moja, mstari utajitokeza tena chini ya rangi na utalaumu seti. Piga msasa wa maji namba 600, kisha 1000, kisha 1500. Usiguse mistari ya milango ya bunduki na risasi, vifuniko vya matangi, eleroni wala flapu: hiyo ilionekana kweli.

Kiwiliwili ndicho kinachopakwa kwanza. Weka rangi nyeusi ya kung'aa, iache ikauke saa 24, halafu kwa brashi ya hewa puliza Alclad II ya alumini, rangi inayofanana na chuma, bila kuongeza thina, kwa shinikizo la psi 12 hadi 15, tabaka nyembamba. Kwaruzo lolote kwenye nyeusi litaonekana, na nyeusi isiyong'aa huzaa kijivu kilichokufa. Kisha funika kiwiliwili kwa tepu na upulize bawa Tamiya XF-16, rangi ya alumini isiyong'aa, iliyochanganywa nusu kwa nusu na thina ya X-20A. Usigeuze mpangilio huu: Alclad hustahimili tepu, XF-16 hubanduka nayo. Hata hivyo, bandika tepu kiganjani kwanza ipunguze unato. Wengi hudharau hatua hii mpaka rangi iwabanduke.

Dhana: Stika za maji zikiwa na weupe pembeni, ni mbovu.

Ukweli: Weupe huo ni hewa iliyonaswa kwenye uso wa rangi isiyong'aa, na XF-16 haing'ai hata kidogo. Puliza vanishi ya kung'aa ya X-22 kwanza. Kisha tumia vimiminika vya kulainisha stika: Micro Set chini ya stika, Micro Sol juu yake. Ikikunjamana, iache, itajinyoosha.

Dhana: Supaglu hushika kioo cha rubani vizuri zaidi.

Ukweli: Hushika, na mvuke wake hukifanya kioo kiwe na ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya mbao.

Dhana: Kila modeli huwekewa uzito puani.

Ukweli: Mustang ina gurudumu la mkiani, inakaa vizuri yenyewe. Uzito waachie wenye P-38 na P-39, ndege zenye gurudumu la puani.

Dhana: Ndege ikiegeshwa, milango ya ndani ya magurudumu na flapu hubaki zimefungwa.

Ukweli: Injini ikizimwa, shinikizo la mafuta ya haidroliki hushuka taratibu, na vyote hivyo hulegea na kuning'inia. Ukitaka Mustang iliyoegeshwa, gundisha milango ikiwa wazi na ushushe flapu. Na kwa kuwa tumbo la magurudumu, yaani nafasi ya ndani wanamoingia, sasa litaonekana, lipake rangi kabla hujafunga bawa, si baadaye kwa kubabaisha na brashi.