Kamulia ndimu kabla ya kununua samaki

Nikiitwa kukagua shamba la mtu anayetaka akwaponiki, huwa na vitu viwili mfukoni: kipimo cha pH (namba ya tindikali ya maji: ikishuka, tindikali imezidi) na ndimu. Ndimu ndiyo inayotangulia. Wanaonipigia simu hapa Tanga, kutoka Pongwe, Maweni hata Muheza, huanza na samaki: niweke wangapi, aina gani, vifaranga vinapatikana wapi? Mimi nawaomba tuanze na mawe.

Kwa ambaye neno hili ni geni kwake, akwaponiki ni kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yaleyale, bila udongo. Samaki wanakula na kutoa amonia, nyingi kupitia matamvua. Bakteria wanaojishikiza kwenye kokoto wanaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ndiyo mbolea ya mchicha wako. Maji yanachujwa na kurudi kwa samaki. Kwa hiyo kokoto ni makazi ya bakteria, ni chujio, na ndipo mboga inapotia mizizi.

Sasa angalia ardhi yetu. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa: ndiyo yaliyotupa mapango ya Amboni, na ndiyo yanayolisha viwanda vya saruji. Aliyemwaga zege hana tatizo nayo. Lakini ukizijaza kokoto za chokaa kwenye kitanda cha mboga kinachopitiwa na maji usiku na mchana, jiwe linayeyuka kidogo kidogo, pH inapanda kuelekea 8 na inagoma kushuka. Akwaponiki inataka pH ya kati, kama 6.5 hadi 7.2, ili samaki, bakteria na mboga wote wapate nafuu.

Haya yalinikuta mwenyewe. Mfumo wangu wa kwanza niliujenga kwa kokoto za chokaa, kwa vile machimbo yalikuwa karibu na bei ilikuwa nzuri. Baada ya miezi miwili majani machanga ya matembele yakawa manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma: yamo kwenye maji, ila pH ikiwa juu mmea hauwezi kuyafyonza. Mimi nikadhani mbolea ni pungufu, nikaongeza chakula cha samaki. Amonia ikapanda. Na amonia ni mbaya zaidi pH ikiwa juu, kwani kila pH inapoongezeka kwa 1, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara 10. Asubuhi moja nikakuta perege wangu wanaelea. Niliumia sana, kwa sababu walikufa kwa kitu ambacho ningekijua siku ya kwanza kwa tunda la shilingi chache.

Juzijuzi nilikuwa Pongwe kwa mwalimu mstaafu ambaye tayari alikuwa ameshusha lori la kokoto. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwambia, "Mwalimu, naomba jiwe moja na kisu." Alichagua jiwe, akalisuuza vumbi, akakata ndimu na kukamulia mwenyewe. Tone lilipogusa jiwe, vipovu vyeupe vidogo vikafumka na kukimbilia ukingoni, na ukiinamisha sikio unasikia msisimko kama wa soda iliyofunguliwa sasa hivi. Akanitazama. "Na lori zima hili, mwanangu?" Nikamwambia povu ni dalili ya chokaa, na lori hilo litafaa kwa msingi wa banda na njia za kupita, kitandani hapana. Tukatafuta kokoto ngumu zenye kumetameta, za upande wa milimani. Tukakamulia mawe kumi kutoka pembe tofauti za shehena, maana kokoto huchanganywa. Hakuna lililotoa povu.

Baada ya mawe, maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na vilivyochimbwa kwenye chokaa vina maji magumu. Utayajua kwa sabuni isiyotoa povu na ukoko mweupe ndani ya birika. Perege huvumilia chumvi kiasi, saladi na maharage hazivumilii. Maji ya bomba, yanayotoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, ni afadhali, ila yana klorini ya kuua vijidudu na haitabagua bakteria wako. Yaache wazi siku mbili kabla ya kuyatumia.

Maji ninayoyapenda kuliko yote ni ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, hivyo paa la mita za mraba 60 linakupa kama lita 48,000 hata ukipoteza sehemu ya tano. Mfumo wa nyumbani wenye lita 1,000 hupoteza asilimia 1 hadi 3 tu kwa siku. Masika yakikujazia simtanki, una akiba ya kutosha.

Ukubwa upange kuanzia sahani. Familia inataka mboga kiasi gani? Mita za mraba 4 za mchicha, sukuma wiki na matembele zinahitaji gramu 160 hadi 200 za chakula cha samaki kwa siku, yaani gramu 40 hadi 50 kwa kila mita. Samaki wanaokua hula kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wao, kwa hiyo unatafuta kilo 12 hivi: perege 40 wa gramu 300, kwenye tangi la lita 1,000. Vitanda vya kina cha sentimita 30 vikijaa kokoto na maji vitapita tani 2, basi fundi aweke tofali na zege, asikudanganye na miguu ya mbao. Vikijaa kwa pamoja vitanyonya karibu nusu ya tangi. Weka tangi la pili chini la kupokea maji ili samaki wasibaki na kina cha magoti.

Sipendi kuona watu wakirundika samaki. Umeme hukatika, na maji ya moto ya Februari hubeba hewa kidogo. Samaki wachache chini ya kivuli cha makuti, na pampu ndogo ya hewa ya betri, watakuvusha hadi asubuhi.

Kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo weka vifaranga wachache tu, na upime amonia na nitriti mpaka zote zishuke karibu na sifuri. Chukua madume tupu wasije wakazaliana na kudumaa. Ukifuga sato, perege asiye wa asili huku, maji ya tangi yasimwagikie mtoni: Pangani ina perege wake wa asili, mmojawapo akiitwa kisayansi Oreochromis korogwe, na sato huchanganya nao damu. Dawa za wadudu usizipulizie kabisa juu ya vitanda.

Bado kuna jambo moja kuhusu ile chokaa. Bakteria wakifanya kazi huzalisha tindikali, na maji ya mvua hayana cha kuizuia. Baada ya miezi kadhaa pH itateremka, na ikifika chini ya 6 bakteria huzubaa. Hapo funga kilo moja ya kokoto za chokaa kwenye mfuko wa wavu, uning'inize panapopita maji, upime kila siku, na uutoe pH ikikaribia 7. Mwalimu amejaza debe moja kutoka kwenye lile lori, ameliweka chini ya tangi, linasubiri siku hiyo.