Kabla ya saitokini, kipokezi kimeshasema

Ukichukua damu ya mvuvi wa kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, aliyezoea maji ya ziwa tangu utotoni, seli zake nyingi za T saidizi (seli nyeupe zinazoongoza kinga) zimeshafunzwa, na mayai ya kichocho yamezivuta kuelekea Th2, aina inayokabili minyoo, badala ya Th1, inayokabili vimelea vilivyojificha ndani ya seli. Kwa hiyo, kuona seli inavyochagua njia, tenga kwanza seli changa, yaani ambazo bado hazijakutana na antijeni (kitu kigeni ambacho kinga hukitambua), zenye alama za CD45RA na CCR7 kwa pamoja, usafi wake upite asilimia 95. Vinginevyo utapima mambo ya miaka iliyopita.

Wengi tulifundishwa kuanzia kwenye saitokini, protini ambazo seli hutumia kupeana ishara: IL-12 na STAT4 huleta Th1, IL-4 na STAT6 huleta Th2 (STAT ni protini za ndani zinazobeba ishara ya saitokini). Ni kweli, ila kipokezi cha antijeni cha seli T hutangulia. Kikishika kipande cha antijeni juu ya HLA ya daraja la pili (molekuli inayoonyesha antijeni kwa seli T saidizi), kimeng'enya Lck hubandika fosfeti kwenye mikia ya CD3, sehemu ya kipokezi hicho, kimeng'enya kingine, ZAP-70, hutua hapo, na ishara hugawanyika: kalsiamu huingia na kuamsha NFAT, protini inayowasha jeni, huku protini ya ishara Ras ikiamsha nyingine, ERK. Nguvu ya mguso ndiyo yenye uzito hapa. ERK ikiwaka kwa nguvu na kudumu, huzuia GATA3 (swichi ya jeni za Th2) isitangulie, na T-bet (swichi ya Th1) hupata nafasi. Ikiwaka kidogo, GATA3 hupanda na seli hujitengenezea IL-4. (Jambo hili lilichunguzwa zaidi kwa panya.) Yai la Schistosoma mansoni nalo hutoa omega-1, protini inayolegeza mshikamano wa seli za dendriti (zinazoonyesha antijeni) na seli T, na Th2 hufuata.

Ndiyo maana sikubali jaribio la kiwango kimoja cha kichocheo. Paka pleti kingamwili ya CD3 kwa 0.05, 0.5 na 5 µg/ml, ile ya CD28 (kipokezi cha ishara ya pili) ibaki 1 µg/ml, kisha otesha kwa nyuzi 37, CO₂ asilimia 5, siku 5 hadi 7. Ukitumia kiwango cha juu peke yake, Th2 hujificha na seli nyingi hufa. Hesabu seli zilizo hai kabla ya kulinganisha.

Damu ichukuliwe kwenye heparini, dawa ya kuzuia isigande. EDTA, nayo ya kuzuia kuganda, hukamata kalsiamu, na mabaki yake yasipooshwa vizuri NFAT haiamki. Inapovuka kwa feri isiwekwe kwenye barafu: ikipoa, granulosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) hubaki kwenye tabaka la seli unazozitaka juu ya Ficoll, kimiminika cha kutenganisha seli za damu. Ifike maabara ndani ya saa 8.

PMA na ionomaisini, kemikali za kuchochea seli, ni za siku ya kupima tu, saa 4 hadi 5 pamoja na brefeldini, inayozuia saitokini zisitoke nje ya seli. Zinaruka kipokezi kabisa, hivyo ukiziweka mwanzoni, ulichotaka kukichunguza hakimo tena kwenye pleti.