Kabla hujalipa nyumba ughaibuni, uliza kwanza shule ina nafasi

Malalamiko yanayofika dawatini kwetu siku hizi yanafanana sana. Mtu kapata kazi nje, kaambiwa aripoti ndani ya wiki chache, kaona nyumba mtandaoni ina bustani na sakafu ya mbao, kalipa fasta, anafika na watoto wawili ndo anagundua shule ya mtaa imejaa na mwenye nyumba hataki asajili anwani pale. Presha tunaielewa. Lakini jamani, nyumba ya familia haichaguliwi kama sofa.

Swali la kila siku ni "mtaa gani mzuri kwa familia?" Sisi kama taasisi haturuhusiwi kupendekeza mtaa wala dalali, kwa hiyo hilo msitupigie simu. Tunachosema ni anza na shule, kisha njia ya kwenda kazini, nyumba ije mwisho. Wengi wanaanzia mkiani.

Chukua Uingereza, naongelea England tu maana Scotland na Wales wana taratibu zao. Shule nyingi za serikali nafasi zikigombaniwa, watoto wenye vipaumbele vya kisheria wanatangulia, halafu mara nyingi wenye ndugu pale, halafu umbali, na umbali wenyewe kwa kawaida unapimwa kwa mstari mnyoofu, sio kwa njia unayotembea. Nyumba mbili za barabara moja, moja inapata nafasi, ya pili inakosa. Maombi ya kuanza shule ya msingi yanafungwa 15 Januari, ya sekondari 31 Oktoba, ukifika katikati ya mwaka unaomba kupitia halmashauri au shule yenyewe. Na madarasa ya watoto wa miaka 4 hadi 7 yana ukomo wa kisheria wa wanafunzi 30 kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo ukiambiwa hakuna nafasi usianze kutafuta mtu wa kumwona, hakuna mtu wa kumwona. Halafu ukikuta tangazo la nyumba linasifia shule ya jirani kwa neno moja la Ofsted, yaani wakaguzi wa shule wa England, neno kama "Good", kumbuka hao wakaguzi waliacha kuzipa shule za serikali lile neno moja la jumla tangu Septemba 2024. Soma ripoti.

Ujerumani shida kubwa ni usajili wa anwani, ile Anmeldung. Una wiki mbili tangu uhamie. Mkataba wa nyumba pekee hautoshi, lazima mwenye nyumba akusainie fomu inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung, kwamba kweli umehamia kwake na tarehe gani. Ukichelewa, faini inaweza kufika euro 1,000. Anayekupa anwani ya uongo, hata kama ni rafiki anayetaka kukusaidia, anaweza kupigwa faini hadi euro 50,000, na watu bado wanatuuliza eti "naweza kutumia anwani ya mshkaji?" Hapana. Mji kama Berlin shule ya msingi inapangwa kufuata anwani iliyosajiliwa, kwa hiyo nyumba ya muda ambayo hairuhusu kusajili ni rahisi mwanzoni, baadaye inakugharimu.

Kuhusu usalama, police.uk, tovuti ya polisi wa Uingereza, inakuonyesha uhalifu uliorekodiwa mtaa kwa mtaa, bure kabisa, ila usiisome kichwa kichwa. Mtaa wenye maduka na stesheni lazima utaonekana mwekundu kuliko wa makazi matupu, haimaanishi watoto wa pale hawalali.

Kama unaweza kutangulia mwenyewe wiki moja kabla ya familia, fanya hivyo, uende pale saa moja na nusu asubuhi siku ya kazi sio Jumapili mchana. Tembea kutoka mlangoni hadi shuleni ukiwa unasukuma kigari cha mtoto, au hata begi la magurudumu. Hapo ndo utajua dakika 8 za kwenye tangazo zina ngazi 40 za stesheni, lifti ina karatasi ya "mbovu", na barabara kuu haina kivuko.

Dipoziti sasa. England kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000 haitakiwi kuzidi kodi ya wiki 5, na iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi unaotambuliwa ndani ya siku 30, mwenye nyumba asipofanya hivyo mahakama inaweza kumwamuru akulipe mara 1 hadi 3 ya hiyo dipoziti. Ujerumani mwisho miezi 3 ya kodi bila gharama za huduma, na una haki ya kulipa kwa awamu 3. Anayetaka yote kabla hujaona nyumba, eti funguo zitakuja kwa posta, huyo ni tapeli, tumeshasema mpaka tumechoka.

Na risiti tunza. Ukija kwetu na skrinshoti za WhatsApp peke yake hatuwezi kukufungulia faili.