Kwa nini magazeti ya udaku ya London ya zamani yaliandika majina nusunusu?

Katika tamthilia ya Bridgerton, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 2020, London ya mwaka 1813 inatikiswa na mwandishi wa udaku anayejiita Lady Whistledown. Kinachowashtua wakubwa wa mji ni kwamba anawataja kwa majina kamili. Magazeti halisi ya enzi zile kwa kawaida yaliandika "Lord B——n", katikati yakaweka vistari.

Nilikuwa nikiamini vistari hivyo vilikuwa kinga: jina halikutajwa, basi kesi hakuna. Si kweli. Mwanasheria William Hawkins aliandika mapema katika karne ya 18 kwamba herufi chache, zikieleweka wazi zinamlenga nani, ni kashfa sawa na jina zima.

Fikiria ukumbi wa taarabu. Mwimbaji anarusha mpasho, hataji mtu. Mama mmoja anainuka kwenda kutunza, noti mkononi, anacheza polepole hadi mbele ya hasimu wake, anaipunga pale kwanza ndipo anaipeleka jukwaani. Ukumbi mzima umeshajua. Jina limetoka vichwani mwa watu, si kinywani mwa mwimbaji. Sheria ya Uingereza ikaja kupima jambo hilohilo: haiulizi mwandishi alimkusudia nani, inauliza wasomaji walimwelewa nani.

Kipimo hicho kilifika mbali ajabu. Mwaka 1908 gazeti la Sunday Chronicle lilisimulia habari za Artemus Jones, mzee wa kanisa wa Peckham, London, anayeponda raha Dieppe, Ufaransa, na mwanamke asiye mkewe. Gazeti lilidai jina ni la kubuni. Kumbe yuko wakili halisi wa jina hilo! Rafiki zake walieleza mahakamani kwamba walidhani ndiye, akalipwa pauni 1,750, na rufaa za gazeti zikagonga mwamba.

Basi vistari vilifaa nini? Aliyeshtaki alilazimika kuvijaza mwenyewe: asimame mbele ya watu aseme "B——n ni mimi". Ni sawa na kuinuka katikati ya mpasho ukapiga kelele kwamba unasemwa wewe. Wapo waliothubutu, lakini aibu hiyo huenda iliwafunga wengi midomo.

Tena fumbo liliuza. Town and Country Magazine, lililoanza 1769, lilichapisha kila mwezi picha mbili ndani ya viduara, bwana na hawara wake wakitazamana. Majina yalikatwakatwa kwa vistari. Nyuso zilichorwa vizuri.